Amani ya Kongo na Daftari la Machimbo



Mtu ashukapo kutoka Sumbawanga hadi mwambao wa Ziwa Tanganyika, pale Kirando, hana budi kukumbuka kwamba ng'ambo ya maji yale ni Kongo. Wavuvi wa pande zote mbili hutafuta riziki katika ziwa moja. Kwa hiyo vita vya Kongo si habari ya mbali kwa Ufipa.

Husemwa mara nyingi kwamba vita hivyo vimeletwa na madini. Usemi huo ni nusu ya ukweli. Wafipa wa zamani walichimba mawe ya chuma, wakayayeyusha katika malungu, yaani matanuri ya udongo yaliyozidi kimo cha mtu, na chuma hicho kikafuliwa majembe. Madini hayana uadui na mwanadamu. Jambo la kuuliza ni nani mwenye mamlaka juu yake, na hesabu yake inasomwa mbele ya nani.

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni, 1960. Kabla ya wiki mbili kupita, Moïse Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga, jimbo ambalo wakati huo lilifika hadi ufuko wa ziwa unaotazamana na Ufipa. Kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière ikamlipa Tshombe kodi ya shaba iliyokuwa haki ya serikali halali. Waziri Mkuu Patrice Lumumba aliuawa huko huko Katanga tarehe 17 Januari, 1961. Majeshi ya Umoja wa Mataifa yaliukomesha uasi huo Januari, 1963, yakaondoka mwaka 1964. Mobutu alitwaa madaraka mwaka uliofuata, na utajiri wa shaba ukawanufaisha wachache huku mvuja jasho akibaki mikono mitupu.

Miaka hamsini baadaye somo lilirudiwa huko Kivu. Tarehe 28 Machi, 2013, Baraza la Usalama liliidhinisha brigedi ya kupambana na waasi, yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, ikiongozwa kwanza na Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania. Kufikia Novemba mwaka huo kundi la M23 lilikuwa limeshindwa. Gharama ya kazi ya amani ilikuwa kubwa: tarehe 7 Desemba, 2017, askari wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa kambi yao iliposhambuliwa huko Semuliki.

Hata hivyo, mwishoni mwa mwaka 2021 M23 waliibuka tena. Mwaka 2024 waliteka machimbo ya koltani ya Rubaya, na mapema mwaka 2025 waliingia Goma na Bukavu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba kodi ya madini ya Rubaya iliwapatia waasi hao kiasi cha dola 800,000 kila mwezi. Mwenye mapato ya namna hiyo hakosi risasi wala wapiganaji.

Je, walinda amani walishindwa? La. Walipewa amri ya kulinda raia na kupambana na waasi. Hawakupewa madaraka ya kukusanya ushuru wa machimbo, kulipa mishahara ya jeshi la Kongo, wala kumhukumu mla rushwa. Hizo ni kazi za dola, na dola isipozifanya, mwenye bunduki huzifanya kwa faida yake.

Fundisho hilo linauhusu Mkoa wa Rukwa pia. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba katika Bonde la Rukwa, chini ya ukingo wa uwanda wa Ufipa, kuna hazina ya gesi ya heliamu, gesi ambayo hospitali huihitaji kupozea mitambo ya kupiga picha za mwili. Utajiri huo hautaleta neema kwa kuwapo tu ardhini. Unamhitaji mtumishi anayeandika stakabadhi ya kweli, na mwalimu anayemfundisha mtoto kwamba hesabu ya mali ya umma ni haki yake kuiuliza.

Askari waliokufa Semuliki walitimiza wajibu wao kwa silaha. Wajibu uliobaki hutimizwa mezani na darasani, siku zote, hata pale ambapo hakuna mlio wa risasi.