Wajumbe Tuliotumwa Kigali

Hotuba ya Kundi la Waandishi wa Kambi katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani



  Mlitutuma watu wanne kwenda Kigali katika kikao cha siku mbili cha waandishi wa hadithi za kubuni, zile za sayansi ya siku zijazo na zile za miujiza. Nauli ilitoka katika mfuko wa michango yenu, na aliyetumwa hana budi kurudi na taarifa.

Tunajua wako waliolalamika, na malalamiko yao tuliyasikia. Mzee mmoja alituuliza mbele ya bomba la maji: "Mgao umepunguzwa, shitingi zinavuja, nanyi mnakwenda mjini kujifunza kusema uongo?" Swali hilo tulisafiri nalo. Leo tunajaribu kulijibu.

Waliosoma Kiswahili shuleni wanakikumbuka kitabu cha Kusadikika cha Marehemu Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951. Ni habari ya nchi inayoelea angani, haina udongo wala bahari. Nchi hiyo ilituma wajumbe sita: Kaskazini, Kusini, Mashariki, Magharibi, Mbinguni na Ardhini. Kila mjumbe alirudi na habari za mambo mema aliyoyaona, na kila mmoja akatiwa gerezani kwa sababu wakubwa hawakupenda kuyasikia. Ni Karama, mshtakiwa, aliyesimulia habari zao barazani hadi yeye akaachiwa na wao wakafunguliwa. Nasi ni wajumbe wenu. Tunaomba tusikilizwe kwanza kabla ya kufungwa.

Mwaka huo huo wa 1951 ndipo mataifa yaliposaini kule Geneva ule Mkataba wa Wakimbizi unaotulinda. Kwa hiyo Waswahili walikuwa na nchi yao ya angani siku nyingi. Mtu asituambie kwamba hadithi za namna hii ni kitu cha Wazungu tulichokiokota jana.

Ndugu zetu, tulipata kibali cha siku tatu. Tulishukia Nyabugogo, tukalala Nyamirambo, mahali ambapo mtu huagiza chai kwa Kiswahili na kujibiwa kwa Kiswahili. Usiku tuliliona kwa mbali lile jengo la mikutano lililofunguliwa mwaka 2016, kuba lake likibadilika rangi. Mwenzetu mmoja alisema linafanana na chombo kilichotua kutoka nyota nyingine. Mwenyeji wetu akacheka, akasema kuba hilo lilichorwa kwa kufuata nyumba ya mfalme ya zamani. Tukaona kwamba hilo ndilo somo letu la kwanza, nalo tulilipata kabla kikao hakijaanza: kinachoonekana kuwa cha kesho mara nyingi kimejengwa kwa umbo la jana.

Katika kikao tulisikia habari za mkutano mkubwa wa dunia wa wapenzi wa hadithi hizi. Ulianza New York mwaka 1939, ukasimama wakati wa vita, kisha ukaendelea kila mwaka. Umefika Ulaya, Australia, na Japani. Mwaka 2023 ulifika Chengdu, China. Afrika haujafika hata mara moja. Watu wa Afrika Mashariki waliomba mkutano wa mwaka 2028 ufanyike Kigali. Kura zilihesabiwa Seattle, Marekani, mwezi Agosti 2025, na mji wa Brisbane wa Australia ukashinda.

Tuliuliza kura hizo hupigwa na nani. Tukaambiwa ni wanachama waliolipa ada ya mkutano, wakaongeza na ada ya kupigia kura. Sisi tunaoishi kwa kadi ya mgao tulitazamana. Hata hivyo hatukusikia mtu akilia. Tulisikia hoja. Mwandishi wa Kiafrika akialikwa Ulaya au Marekani, kazi yake ya kwanza ni kuandika maombi ya visa, na mara nyingi hunyimwa. Rwanda ilitangaza mwezi Novemba 2023 kwamba Mwafrika yeyote ataingia bila kulipia visa. Basi wakasema, kama hatuendi kwao, na tukutane kwetu, hata tukiwa thelathini katika chumba kimoja chenye feni moja. Ndivyo tulivyokuwa.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Siku ya pili kila kundi lilisoma hadithi yake. Kwetu alisoma binti yetu, mdogo kuliko sote, aliyemaliza sekondari na hajapata mahali pa kuendelea. Kwa ruhusa yake tunaieleza kwa ufupi.

Ni siku ya uhakiki wa wakimbizi. Mama mmoja amepanga foleni peke yake. Anapofika mbele, karani anamwambia: "Hesabu yenu ni watu wanane." Mama anageuka. Nyuma yake wamesimama mumewe, wanawe watano na mama mkwe wake, wote waliofia njiani, kila mmoja ameshika kadi. Mashine inasoma vidole vyao na kuvikubali. Wanapewa mgao, na jioni wanakula pamoja. Asubuhi marehemu wanaomba waruhusiwe kupumzika. Mama anarudi kwa karani kuomba wafutwe katika orodha. Karani anampa fomu na kumweleza kwamba ili familia ifutwe, ni lazima wasaini wote wanane. Hadithi inaishia mama akiwa na kalamu mkononi.

Chumba kilinyamaza. Kisha bwana mmoja mwenye heshima zake, na tunaamini alikuwa na nia njema, akasimama na kusema: "Hadithi ni nzuri. Lakini kwa nini usituambie yaliyokupata kweli? Hayo ndiyo yangewasaidia watu wenu."

Binti akajibu kwa adabu: "Mzee wangu, yaliyonipata nimeyaeleza mpakani, nikayaeleza kituo cha muda, nikayaeleza ofisi ya kuandikishwa, nikayaeleza tena kwa waliokuja kuuliza habari za kuhamia nchi ya tatu. Yote yamo katika faili. Ila katika faili hiyo sijaona mstari wa kuandika ninachofikiri."

Hatutaki kuwadanganya kwamba sisi wanne tulikubaliana. Ndani ya basi la kurudi mwenzetu mmoja alimtetea yule bwana. Alisema kwamba watu wetu wamekufa kweli, na ukiwatia katika hadithi za ajabu, kesho mwenye kukana ataonyesha kitabu chako na kusema: "Unaona? Hata wenyewe wanabuni." Neno hilo ni zito, hasa katika nchi hii. Tulilijadili mpaka giza likaingia.

Tulichokipata ni hiki. Mwaka 1998, miaka minne baada ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, waandishi wapatao kumi wa Kiafrika waliitwa Rwanda waone na waandike. Alikuwamo Boubacar Boris Diop wa Senegali, Véronique Tadjo wa Kodivaa, Tierno Monénembo wa Guinea, Koulsy Lamko wa Chad, na wengine. Mwaka 2000 walirudi kuonyesha walichoandika. Nao walikutana na swali letu. Diop mwenyewe ameeleza kwamba kuna walionusurika waliowasihi wasitunge riwaya, waeleze kama ilivyokuwa. Diop, aliyezoea kuandika kwa mafumbo, aliandika kitabu chake cha Murambi kwa lugha nyepesi, akiita kila kitu kwa jina lake. Lamko alifuata njia nyingine: msimulizi wake ni malkia aliyeuawa kanisani, akageuka kuwa nondo arukaye na kusema na walio hai. Vitabu viwili, njia mbili, na hakuna kati yao aliyewasaliti marehemu.

Kwa hiyo jibu letu kwa mzee wa bombani ni hili. Uongo na hadithi si ndugu. Hadithi hubisha hodi kabla ya kuingia. Msimulizi husema "Hadithi, hadithi!", nasi tukaitikia "Hadithi njoo!" Kwa kuitikia tumekubaliana kwamba sasa fisi anaweza kusema na marehemu anaweza kupanga foleni. Uongo huingia bila hodi na kujiita habari. Redio RTLM, iliyoanza kutangaza mwaka 1993, haikusema "hadithi njoo". Ilisema hizi ni habari, na watu wakauawa kwa ajili yake. Anayeandika ushahidi asiongeze hata nukta. Anayesimulia hadithi na aseme wazi kwamba ni hadithi. Tukiweka mpaka huo, mwenye kukana hapati mlango. Mwenzetu wa kwenye basi aliukubali mpaka huo, nasi tukakubaliana naye kwamba ulinzi wake ni kazi ya kila siku.

Jambo jingine tulilojifunza ni kwamba watu kama sisi wamekwisha kuanza. Iko filamu iitwayo Neptune Frost, ya Saul Williams na Anisia Uzeyman, iliyopigwa hapa Rwanda na kuonyeshwa Cannes, Ufaransa, mwaka 2021. Inahusu wachimba koltani na vijana wanaoteka mitambo ya mawasiliano ya dunia nzima kutoka kijiji kilichojengwa kwa mabaki ya kompyuta. Ndani yake wanasema Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, na baadhi ya wasanii wake walikuwa Warundi waliokimbilia nchi hii. Kati yetu wako waliotoka Masisi, wanaoujua udongo wa Rubaya. Madini yake yamo ndani ya simu zenu mlizoshika sasa hivi. Nani basi mwenye haki zaidi ya kubuni habari za mashine za kesho kuliko mtoto wa aliyeyachimba?

Mheshimiwa Mwenyekiti, tunaomba kutoa mapendekezo matatu.

Kwanza, wazee wetu. Kila mwisho wa mwezi tupate jioni moja ya hadithi, wazee wasimulie na vijana waandike. Mlizozibeba vichwani hazikuhitaji kibali kuvuka mpaka, lakini mkiondoka nazo hatutazipata tena.

Pili, walimu na mashirika. Tunaomba madaftari na saa moja kwa wiki katika chumba cha maktaba. Aidha, tunawaomba wafanyakazi wa misaada: mtoto akiandika habari ya kambi iliyoko mwezini, msimpeleke haraka kwa mshauri nasaha. Huenda anaumwa, na mkimpima mtakuwa mmefanya vema. Lakini huenda pia anafikiri. Kabla ya yote, muulizeni hadithi inaendeleaje.

Tatu, vijana. Andikeni kwa lugha mnayootea ndoto. Msingoje mkutano wa dunia uje.

Mwisho, hesabu. Fedha mlizotupa tulilipia nauli ya kwenda na kurudi na chakula cha siku mbili; karatasi tumemkabidhi mweka hazina. Tumerudi na vitabu kumi na kimoja, vyote vya zawadi, navyo viko katika ofisi ya Kamati kwa yeyote atakaye kuazima.

Na kama mtauliza yule mama wa hadithi alisaini au hakusaini, hata sisi tulimuuliza binti njia nzima. Amekataa kusema. Anasema kila mmoja wenu aende nyumbani akaimalizie mwenyewe, na jioni ya kwanza ya hadithi mje kutueleza.