Kurudi na kurudisha
(Maongezi mbele ya wanachama, Baraka)

 

Nimeombwa niseme juu ya usafi wa moyo. Sitasema juu ya pombe wala uzinzi, hayo wachungaji wetu wanayasema kila juma. Nitasema juu ya shamba.

Munajua Nehemia sura ya 5. Wale ni watu waliotoka uhamishoni kama siye tuliotoka Lugufu na Nyarugusu. Walirudi Yuda, njaa ikawakamata, kodi ya mfalme nayo ikawangoja. Wakaweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba, hata watoto wakaingia utumwani. Na waliowashika hivyo hawakuwa watu wa Babeli, walikuwa Wayahudi wenzao, tena wakati ule ule wanajenga ukuta pamoja. Nehemia alikasirika. Lakini hakujiweka kando: alikiri kwamba yeye na ndugu zake pia wanakopesha. Akaomba mashamba yarudishwe siku ile ile.

Hiyo siku ile ile ilinipiga, kwa sababu mimi nilikuwa na shamba la mtu.

Miaka miwili iliyopita mama mmoja jirani alikuja kwangu usiku, mtoto mgonjwa. Nikampa dola 50. Akaniachia shamba lake kama rehani. Nikalima muhogo, nikavuna, nikauza, kiisha kutoa gharama zote nikabaki na dola 80. Na deni lake la 50 likawa bado limesimama! Mimi huyo huyo mchana nafundisha watu haki ya ardhi, jioni naongoza maombi. Nilikuwa nafunga, nalia, namwomba Mungu anisafishe, na muhogo wa yule mama uko tumboni mwangu.

Sheria ya Musa, Walawi 6, iko wazi: mwenye kumdhulumu jirani anarudisha mali yote, anaongeza sehemu ya tano, ndipo analeta sadaka yake. Nikapiga hesabu. Toa 50, nina 30 yake. Sehemu ya tano ni 6.

Nilipofika kwake akadhani nimekuja kudai. Akaanza kuniomba radhi, yeye! Nikampa dola 36, nikamwambia deni limekwisha, shamba ni lake. Alinyamaza sana. Kisha akasema: "Mtoto wangu, asante. Lakini sokoni wanasema niliuza shamba la baba yangu. Hayo nayo utayarudisha namna gani?"

Sikuwa na jibu. Juma lililofuata nilisimama kanisani nikayasema yote, yeye akiwa ameketi pale na dada zake. Wengine walinicheka, na mpaka leo wako wanaoniita Bwana Muhogo. Sawa. Lakini yule mama sasa anapita sokoni kichwa juu, na mimi naweza kuomba bila kukwepa macho yake.

Wafadhili wetu munisamehe kama naanika kesi za nyumbani. Pesa munayotuma inaingia kwenye sanduku letu la mkopo, na najua, wapendwa, humu ndani siko peke yangu. Kuna parseli zilizoshikwa kwa deni la dola 20. Nimeongea na rais wetu: kabla ya maombi ya mfungo wa mwisho wa mwezi, daftari ya rehani itakuwa kwa mwandishi tangu asubuhi. Mwenye shamba la mtu aende kwanza huko.