Katazo si Ruhusa ya Kudhalilisha
(Mhadhara uliotolewa mjini Njombe na kukaririwa Makambako)

Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad (s.a.w.). Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, mmeniuliza juu ya vijana wa kiume wanaojirekodi kwa simu wakiwa wamevaa kanga, mawigi na hereni, wakiigiza mama mkwe au mke mwenza ili watu wacheke. Baadhi yenu mmetaka washitakiwe. Wengine, wachapwe wakionekana stendi ya Makambako. Hukumu ya vazi haina utata. Ibn Abbas (r.a.) amepokea, katika Bukhari, kwamba Mtume (s.a.w.) amewalaani wanaume wanaojifananisha na wanawake, na wanawake wanaojifananisha na wanaume. Sikuja kulibadilisha hilo. Nauliza jingine: ni nani aliyetukabidhi fimbo?

Katika Abu Daud imo habari ya mtu aliyepaka hina mikononi na miguuni, akaletwa mbele ya Mtume. Aliamuru apelekwe Naqii, nje ya Madina. Walipouliza kama wamuue, alijibu kuwa amekatazwa kuwaua wenye kuswali. Wapo wanazuoni walioidhoofisha sanad yake. Lakini ya mlevi imo katika Bukhari. Yule alipokuwa akiadhibiwa, mmoja akamwombea hizaya, na Mtume akawakataza wasimsaidie shetani dhidi ya ndugu yao. Adhabu ilikuwa na mpaka wake, na matusi yalikuwa nje ya mpaka huo.

Serikali nayo inazo sheria: ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na ya BASATA ya mwaka 1984. Desemba 2018 BASATA iliwafungia Diamond Platnumz na Rayvanny kwa muda usiojulikana, ikawafungulia Januari 2019. Machi 2024 baraza la Zanzibar, BASSFU, lilimfungia Zuchu miezi 6. Mashauri hayo hayakuhusu mavazi ya kike, ila yanatufunza jambo. Miezi 6 mtu huihesabu. Muda usiojulikana hauhesabiki: msanii hajui auze vyombo vyake au asubiri, wala amjibu nini mwenye nyumba. Hao niliowataja wana mali. Kijana wa Makambako anayeishi kwa kuchekesha harusini hana.

Hofu nayo ina nguvu zake. Agosti 2016 polisi wa Kampala walivamia shindano la urembo la watu wa aina hii. Mmoja aliruka dirishani kutoka ghorofani, akaumia vibaya. Si lazima turidhie shindano lile ndipo tuelewe kilichomrusha. Kwetu hofu huja kimya zaidi: kijana hukosa usingizi usiku baada ya usiku, huacha kula, hujitenga, kisha husema kuwa uhai wake hauna maana. Hayo ni maradhi, na yana matabibu. Lakini Kanuni ya Adhabu yetu inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, hivyo familia huficha mgonjwa badala ya kumpeleka hospitali. Kenya walikuwa na kifungu kama hicho. Januari 2025 Mahakama Kuu yao ilitamka kuwa kinapingana na Katiba.

Basi mzazi mwenye kijana wa namna hiyo amnasihi faraghani, wala asimfukuze nyumbani na baridi hii ya Njombe. Akisikia kutoka kwake maneno ya kujidhuru, asingoje hata asubuhi, ampeleke hospitali ya mkoa na akae naye huko. Na video zile zisizungushwe katika simu za waumini kwa kisingizio cha kukemea. Niliyotumiwa mimi nimeifuta.