Haki ya Mlaji Pasipo Kufika Mahakamani



Mkulima wa Karatu anunuapo mbegu ya mahindi dukani na mbegu ile isiote, hasara yake haipimwi kwa bei ya mfuko. Mvua za msimu zimekwisha kumpita, jasho limemwagika bure, na nyumba yake itakula chakula cha kununua. Mfugaji wa Ngorongoro aliyeogesha ng'ombe kwa dawa iliyokwisha nguvu yumo katika hali iyo hiyo. Aghalabu wote wawili hunyamaza, kwa kudhani kwamba haki hupatikana mahakamani tu, na mahakama yataka nauli, siku na wakili.

Dhana hiyo si sahihi. Ibara ya 107A ya Katiba yenyewe yaziagiza Mahakama kukuza usuluhishi baina ya wenye migogoro. Sheria ya Mabaraza ya Kata ya mwaka 1985 nayo iliyapa mabaraza hayo kazi ya kwanza ya kupatanisha. Wazee wa Kiiraqw na malaigwanani wa Kimasai walifanya hivyo tangu zamani, kabla ya sheria yoyote kuandikwa.

Hata hivyo kila mlango una kazi yake, na hapo ndipo wengi hupotea. Itazamwe lumbesa ya vitunguu vya Mang'ola. Kufungasha mazao kupita kilo 100 ni kosa kwa Sheria ya Vipimo. Mfanyabiashara akikamatwa na kukiri, Wakala wa Vipimo huweza kulififilisha kosa, yaani kulimaliza kwa faini pasipo kesi. Jambo huisha upesi. Lakini fedha ile huingia Serikalini. Mkulima aliyepunjwa harudishiwi hata senti moja. Ndivyo ilivyo pia kwa mbegu na mbolea. Wakaguzi wa TOSCI na wa TFRA huweza kuzuia bidhaa mbovu isiuzwe, jambo lenye faida kubwa kwa wanunuzi wa kesho, ila aliyekwisha kupanda bado hajalipwa. Adhabu ya mkosaji na fidia ya aliyeumia ni vitu viwili.

Atakaye fidia aanze kwa muuzaji, akiwa na shahidi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa huhesabu kwamba, mnunuzi akimweleza mfanyabiashara wa bidhaa hiyo haja yake na kuutegemea ujuzi wake, bidhaa sharti iifae haja ile. Palipo na udanganyifu, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 humruhusu aliyepata hasara kuiomba Tume ya Ushindani amri ya fidia, nayo ina ofisi Arusha. Kwa mtu wa Loliondo safari hiyo ni ndefu mno. Yafaa chama kiwaandikie wanachama wake barua moja ya pamoja.

Je, iwapo muuzaji ni chama chenyewe? Hapa pana uzito. Kwa Kanuni za Vyama vya Ushirika za mwaka 2015, mgogoro wa mwanachama na chama chake juu ya shughuli za chama humalizwa kwanza kwa mazungumzo, kisha hupelekwa kwa Mrajis, na rufani huenda kwa Waziri. Anayekimbilia mahakamani kabla ya hapo huweza kurudishwa. Utaratibu huo ni mwema, lakini usigeuzwe pazia. Wajumbe wa bodi walionunua mbegu mbovu hawafai kuwa ndio waamuzi wa lalamiko juu ya mbegu hiyo.

Popote lalamiko liendapo, ushahidi ni ule ule: stakabadhi, mfuko wenye lebo na namba yake, na mbegu iliyobaki. Shamba lisilimwe upya kabla bwana shamba hajaliona na kuandika alichokiona.

Na mapatano yakipatikana yaandikwe: kiasi cha fedha, tarehe ya kulipa, sahihi za pande zote mbili na za mashahidi. Ahadi ya "tutaonana msimu ujao" si mapatano. Karatasi iliyotiwa sahihi ni mkataba. Muuzaji akiuvunja na jambo likafika mahakamani, suala kubwa halitakuwa tena kama mbegu iliota au haikuota, bali kama alilipa alichokubali kulipa.