Kufuma kwa Uzi Mnene: Pima Kabla ya Kutaja Bei

(Mazungumzo na kikundi cha akina mama wafumaji, Mugutha)

Naona wengine mmekuja na sindano zenu. Endeleeni kufuma tu, masikio hayazuii mikono.

Wengi mmekuwa mkiuliza kama kuna faida katika uzi mnene, ule wa kufumia skafu nzito, shali, kofia na blanketi za kufunika magoti. Faida ipo, lakini kuna mahali inavujia, na hapo ndipo nataka tukae leo.

Sweta za shule tuziache. Mwenye mashine anamaliza sweta nzima kabla wewe hujafika kwenye mkono wa pili. Tena tangu mapema miaka ya 1990, masharti ya kuingiza nguo kutoka nje yalipolegezwa, mitumba imeshusha bei ya sweta za kawaida hata mfumaji wa mkono hapati pa kupumulia. Akina mama wa Kenana Knitters kule Njoro, walioanza mwaka 1998, hawakushindana na mashine. Wanasokota sufu kwa mkono, wanaitia rangi za mimea, wanafuma midoli inayouzwa hadi ng'ambo. Walitafuta kazi ambayo mkono unaiweza kuliko mashine.

Uzi mnene ni kazi ya namna hiyo. Uzi wa kawaida wa sweta, kwa sindano ya milimita 4, unakupa kama vitanzi 22 kwa upana na mistari 30 kwa urefu katika kipande cha sentimita 10 kila upande. Hivyo ni vitanzi 660. Uzi mnene kwa sindano ya milimita 6 unakupa kama vitanzi 14 na mistari 20, yaani 280. Kipande ni kilekile, na kazi haifiki nusu! Na mashine nyingi ndogo za kufumia zimetengenezwa kwa uzi mwembamba, huu mnene zinaukataa.

Sasa tatizo. Muda uliouokoa unaulipia kwa uzito. Kofia ya mtu mzima, ile vijana wanaiita mavin, inakula kama gramu 100. Skafu ni gramu 200 hadi 300. Blanketi ya magoti inaweza kupita gramu 800. Tuseme mama amenunua uzi wa shilingi 450, amefuma skafu jioni tatu, halafu jirani akamwambia, "Mama, nifanyie mia tano." Akakubali. Ameshika noti mkononi, anaona ameuza. Kumbe amefanya kazi jioni tatu kwa shilingi 50, na nauli ya kwenda Ruiru kununua uzi bado hatujaitoa. Mtu akikuita ukachume kahawa siku tatu kwa shilingi 50, si utamcheka? Lakini kwa sindano tunakubali, kwa sababu tumekaa kwetu na tunaongea. Kukaa si kupumzika, jamani.

Kwa hiyo kila kitu kipimwe kwenye mizani kikiisha. Andika kwenye daftari gramu, bei ya uzi, jioni ulizotumia na nauli. Bei itoke kwenye daftari, isitoke kwenye uso wa mteja.

Uzi wenyewe unaweza kupatikana kwa bei nafuu. Si lazima uutafute ule mnene wa dukani. Chukua nyuzi mbili za kawaida uzifume pamoja kama uzi mmoja, utakaribia unene uleule, na ukichanganya rangi mbili inapendeza zaidi. Njia nyingine ni mitumba, hiyohiyo inayotuharibia soko. Sweta kubwa ya sufu iliyotoboka kiwiko mara nyingi huuzwa bei ya chini. Kabla hujalipa, igeuze ndani utazame mshono wa ubavuni. Kama kitambaa kimekatwa kwa mkasi kikashonwa kwa mashine kuzuia nyuzi zisitoke, iache, ukiifumua utapata vipande vifupi tu. Kama ukingo umefumwa mzima, nunua. Na ile iliyosinyaa ikashikamana kama kapeti haifumuki kabisa. Ukishafumua, zungushia uzi mgongo wa kiti, funga sehemu nne, uoshe, kisha utundike na kitu kizito kidogo chini ili mikunjo inyooke.

Hujui kama ni sufu au ni akriliki? Kata kipande kifupi, kishike kwa koleo ukichome nje, mbali na watoto. Sufu inanuka kama nywele zilizoungua na inaacha jivu la kusagika. Akriliki inayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Hili si jambo la kujua tu. Msifume vishikio vya sufuria kwa uzi wa akriliki hata mteja akiomba, kwa sababu joto la jiko litauyeyusha kwenye vidole vyake. Pasi ya moto nayo inaulegeza, haurudi tena. Mwambieni mteja aoshe kwa maji ya uvuguvugu na aanike kitu kikiwa kimelazwa. Skafu nzito ikitundikwa ikiwa na maji inarefuka mpaka inaburura chini. Na blanketi hizi za vitanzi vikubwa asilazwe nazo mtoto mchanga. Ni nzito kwake, na vidole vinanasa.

Baridi yetu ni Juni hadi Agosti. Mtu anayesubiri matatu ya Nairobi alfajiri mwezi wa Julai hahitaji kubembelezwa anunue skafu, lakini Januari atakupita. Kwa hiyo uzi ununuliwe sasa, tufume kuanzia Machi, na tusiuze chochote kabla ya Juni kwa sababu tu mtu ametaja bei.

Mizani iko hapa mezani. Kila mmoja alete kitu kimoja alichokimaliza, tukipime, halafu aseme alikuwa anataka kukiuza ngapi.