Dagaa Wavukao Mpaka wa Tunduma

Dagaa wa Ziwa Tanganyika waliohesabiwa kwa gunia hapa Tunduma, wakishavuka Nakonde, upande wa Zambia, huitwa kapenta na kupimwa kwa kipimo kingine, hata makarani wawili, wote waaminifu, wakaacha hesabu zisizojumlishika. Ili kuondoa mkanganyiko wa namna hiyo, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa limeziwekea maelfu ya aina za samaki alama za herufi tatu tatu, nayo TAFIRI, taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi, imeanza kukusanya takwimu za mialoni kwa simu. Alama, kilo na tarehe zikipangwa kwa utaratibu mmoja, kompyuta ya Mpulungu, Zambia, itazisoma za Kasanga, Tanzania, kwa intaneti, pasi na mkalimani. Nami naiona dhuluma kubwa kwamba jasho la mvuvi, awe wa Tanganyika au wa Ziwa Rukwa, upande wetu wa Songwe, lipotelee katika daftari lililolowa.