Gazeti la Bibi Claudia Jones

Leo tusome habari za Bibi Claudia Jones, mzaliwa wa Trinidad. Marekani ilimfukuza kwa ajili ya siasa zake, akafika London mwaka 1955. Mwaka 1958 alianzisha gazeti, West Indian Gazette, ili watu weusi wa huko wasome habari zao wenyewe. Mwaka huo huo Wazungu waliwashambulia mtaani Notting Hill. Basi Januari 1959 Bibi Claudia aliandaa sherehe ya ngoma ukumbini, na wasichana wakashindania urembo. Msicheke! London ya siku zile, nani aliwaita wasichana weusi warembo? Kitabu cha sherehe kiliuzwa, sehemu ya fedha isaidie kulipa faini za vijana wa ghasia zile, weusi kwa weupe. Sasa andikeni: gazeti, ukumbi, faini.